Sanduku Lililouliza Idadi ya Ngamia

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo, Mwalimu Rukia, ambaye amerithi darasa langu, meza yangu na, nimeona, hata mto wangu wa kukalia, aliniita nikaone kompyuta mbili zilizoletwa shuleni. Akanieleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza babu yake. Mtoto akijibu sawa, mashine inampa swali gumu zaidi. Akikosa, inamrudisha nyuma mpaka ashike. "Umewahi kuona kitu kama hiki, Mwalimu?" Nikamwambia nimewahi kuwa nacho. Kilikuwa cha mbao na kililiwa na mchwa.

Chumba kizima cha walimu kilicheka, kisha wakaniambia niandike. Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana vyeo nilivyopata vinaenea nyuma ya stempu. Nitaandika habari za sanduku lile, kwa sababu Rukia ameniomba pia nimsaidie kubadili maswali ya kompyuta "yaendane na mazingira ya watoto wetu." Aliposema hivyo nilihisi jino la zamani likiuma.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa kwenye vilima vya Taita, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi, na mpaka namaliza kidato cha nne safari yangu ndefu kabisa ilikuwa kushuka Voi kununua viatu. Nilirudi siku hiyo hiyo, na viatu vikawa vidogo, nikaona afadhali vinibane kuliko kurudi tena. Barua ya kazi ilipokuja ikisema Garissa, baba alisema si mbali sana. Hakujua ni wapi. Barua ilisema nikashikilie nafasi ya mwalimu mgonjwa kwa miezi mitatu. Mwalimu yule mpaka leo hajapona, au alipona akapata na akili. Mimi nimekaa miaka thelathini na minne. Watu husema ni moyo wa uzalendo. Ni uvivu wa kufunga mizigo.

Wakati ule ulikuwa wa vita. Serikali iliwaita waliokuwa porini na bunduki shifta, wenyewe walijiita jina jingine, na sisi chumbani mwa walimu tulikuwa tumekatazwa kuwaita chochote. Malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, na mimi katikati juu ya magunia ya unga, nimeukumbatia mkungu wa ndizi aliotoa mama. Tulipofika Mwingi zilikuwa zimeiva. Tulipovuka daraja la Tana zilikuwa uji.

Mwalimu Mkuu, Bwana Mutiso, alikuwa Mkamba mwembamba mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alinipokea kwenye ngazi za ofisi.

"Wewe ndiye Mwakio?"

"Ndimi, Bwana Mkuu."

"Na hicho ni nini?"

"Ndizi."

"Zilikuwa," akasema. "Karibu. Huku kitu pekee kinachofika kizima ni barua ya kukuuliza kwa nini hukujibu barua."

Alinipa darasa la saba, wanafunzi ishirini na wawili, wengine warefu kunipita. Siku ya kwanza nilifundisha sehemu za hesabu kwa dakika arobaini, jasho likinichuruzika mpaka kwenye chaki. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu." Nilikwenda kulala nikijiona bingwa. Ilinichukua wiki mbili kujua kwamba walikuwa wamejibu kwa adabu tu. Mgeni amesimama kwenye jua muda wote ule, utamwambiaje hujasikia alichosema?

Katika hao alikuwako Dekow. Watu wake walikuwa wafugaji wa upande wa Modogashe, na kwa sababu ya vita hakuwa amewaona karibu mwaka mzima, alilala bweni. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye tabia ya kupiga mstari kwa rula chini ya kila kitu, hata chini ya jina lake. Hesabu alizijua. Ukimwangalia akikokotoa ungedhani anasikiliza mtu.

Mwezi wa pili sanduku likaja na msafara. Lilikuwa zawadi kutoka ng'ambo, lililetwa kupitia ofisi ya elimu. Ndani mlikuwa na kadi za hesabu mia kadhaa, zimepangwa kwa rangi: nyekundu, manjano, kijani, buluu. Kwenye kifuniko palikuwa na masharti kwa Kiingereza. Kila mtoto anachukua kadi yake, anafanya peke yake, kimya. Majibu yako nyuma ya kadi, anajisahihisha. Akipata yote anapanda rangi, akikosa matatu anashuka. Mwalimu kazi yake ni kujaza karatasi kubwa ya rangi, nani yuko wapi. Nililipenda mara moja. Kazi ambayo mwalimu anaketi kivulini na sanduku linafundisha ndiyo niliyokuwa nikiiomba tangu nizaliwe.

Kadi zilikuwa za matufaha. John ana matufaha, Mary ana matufaha, John anamnyang'anya Mary matufaha. Dekow aliinua mkono siku ya kwanza.

"Mwalimu, tufaha ni kitu gani?"

"Ni tunda."

"La nani?"

"Hili la John."

"John ni nani?"

"Simjui, Dekow."

Akafikiri kidogo. "Basi jibu ni kumi na saba," akasema, akapiga mstari.

Katika wiki tatu nusu ya darasa ilikuwa kijani na Dekow alikuwa buluu. Mtu mwenye akili angeliacha sanduku likaendelea. Lakini mimi nilikuwa na kidato cha nne na kijitabu kilichosema mtoto afundishwe kwa vitu anavyovijua. Nikawatazama wale watoto wa wafugaji wakihangaika na matunda ambayo hata mimi nilikuwa nimeyaona kwenye picha tu, nikawahurumia. Nikaamua kuwatengenezea kadi za kwao. Kadi za ngamia.

Nilizifanya jioni kumi na nne, kwa manila, rula, wembe na wino mweusi. Kadi sitini. Mzee fulani ana ngamia kadhaa, ukame unaua kadhaa, wengine wanazaliwa, wamebaki wangapi? Nyingine niliwachora, ingawa Bwana Mutiso alidhani ni mbuzi wenye uvimbe.

"Umewahi kuwa na ngamia, Mwakio?"

"La, Bwana Mkuu."

"Kumgusa?"

"Mmoja alinitemea mate sokoni."

"Basi wewe ni mtaalamu," akasema, akaniruhusu.

Siku ya kwanza ya kadi za ngamia darasa lilikuwa kimya kuliko hata lile sharti la kwenye kifuniko. Nilipokusanya karatasi nilikuta majina, nambari za maswali, na nafasi tupu. Ishirini na mbili zote. Nikadhani hawakuelewa Kiingereza changu. Nikarahisisha. Tupu. Nikarahisisha tena, ngamia kumi ukiongeza wawili. Tupu. Masharti ni masharti. Kila tupu ni kosa, makosa matatu unashuka. Wiki ilipoisha darasa zima lilikuwa limeteremka mpaka nyekundu, na Dekow, aliyekuwa buluu, alikuwa chini yao wote, kwa sababu yeye alichukua kadi nyingi zaidi na kuziacha tupu kwa unadhifu zaidi.

Hapo ndipo ilipokuja barua. Mkaguzi atafika kabla ya muhula kwisha, aandaliwe karatasi ya rangi. Nafasi za mtihani wa mwisho wa darasa la saba ni chache. Mwanafunzi atakayekutwa nyekundu asiandikishwe, arudi kwao.

Nyinyi mliozaliwa baadaye mtasema, arudi, ajaribu mwaka ujao. Kwa Dekow haikuwa hivyo. Katika miezi ile kijana wa kimo chake alikuwa ama mwanafunzi ama mtu wa kuulizwa maswali, na waliochukuliwa kuulizwa maswali hawakurudi wote. Kilichomtenga na hayo kilikuwa barua ya shule aliyoibeba mfukoni, imekunjwa mara nne. Akitoka shuleni barua inabaki kwetu.

Nikamwita mezani.

"Dekow, ngamia kumi na wawili hujui kuongeza?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mwezi uliopita ulijua matufaha mia mbili."

"Matufaha najua."

"Tofauti ni nini?"

Akatazama miguu yake. "Wewe hujui, Mwalimu?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli. Nikadhani ni ujeuri. Nikamwambia nitaandika kadi nyepesi ya mwisho, na kwa hekima zangu, ili aione hesabu kama yake mwenyewe, nikaacha habari za mzee fulani. Nikaandika: Baba yako ana ngamia wangapi? Ukimwongezea watano atakuwa na wangapi? Nikainakili, nikawapa wote wakaifanyie nyumbani, na wa bweni bwenini.

Asubuhi iliyofuata viti vinne vilikuwa wazi.

Mchana wake Maalim Bishar alikuja chumbani kwangu. Alifundisha dini shuleni siku mbili kwa wiki na alikuwa na duksi yake ya Kurani nyuma ya maduka. Alinizidi miaka michache tu, miwani yake ilikuwa na kioo kimoja, p ilimtoka b na v ikamtoka f, na alikuwa amezoea kuja kunywa chai yangu ya tangawizi na kuicheka. Siku ile hakucheka. Alitoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani kama mtu anayerudisha panya aliyekufa. Ilikuwa kadi yangu.

"Mwalimu, hii ni ya kwako?"

"Yangu. Ni hesabu tu, Maalim."

"Nani amekutuma kuuliza?"

"Hakuna aliyenituma."

"Juzi askari alibita kwa maboma. Aliuliza maneno hii hii. Ngamia ngabi, iko wabi, nani anachunga. Leo mtoto anarudi nyumbani, anasema, Mwalimu anataka kujua ngamia ya baba ngabi, tena niandike na jina yangu juu. Wewe ukiwa mama yake, utafikiri nini?"

Chai ilipoa mkononi mwangu. Nilijaribu kujitetea, kwamba zile za kwanza hazikuwa za baba wa mtu, zilikuwa za mzee wa kubuni.

"Hata huyo," Maalim akasema, na sasa kidogo akatabasamu. "Hata kabla ya fita. Mali ya mtu haihesabiwi kwa mdomo, walaal, ndugu yangu. Ukiulizwa unasema, iko, alhamdulillahi. Mimi nikuulize mbele ya watu mama yako ana meno ngabi?"

"Lakini kama hahesabu, mchungaji atajuaje mmoja amepotea?"

"Anatazama. Anajua nani hayuko." Akaegemea ukuta. "Wewe unahesabu watoto kila asubuhi. Leo umebata ngabi?"

"Kumi na wanane."

"Nani hayuko?"

Wenzangu, ilinibidi nifungue rejista. Nilikaa pale nikitafuta majina kwa kidole, na Maalim Bishar akanisubiri kwa heshima, akitazama upande mwingine, kama unavyofanya mtu akivua kiatu chenye soksi iliyotoboka.

Kisha akanichukua mpaka duksi. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikisikia makelele na kudhani ni vurugu. Akaniambia nisisikilize wote, nimsikilize mmoja. Kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mbao na somo lake mwenyewe, huyu yuko mwanzo, yule mbele. Alisoma kwa sauti kwa mwenzake kwanza, mwenzake akimkosoa anarudia, akishika ndipo anakwenda kwa Maalim. Maalim akiridhika, mtoto anaosha ubao na kuandika somo jipya. Asiyeshika haoshi. Nilisimama mlangoni. Nililetewa sanduku kutoka ng'ambo kwa meli na lori na askari wawili, na hapa, hatua mia tatu kutoka kitandani kwangu, walikuwa nalo miaka yote, ila kila mtoto alibeba lake. Tofauti ilikuwa moja: pale hakuna aliyejibu swali lisilo na mtu. Swali linatoka kwa mtu na jibu linakwenda kwa mtu, na unamjua ni nani.

Bwana Mutiso nilipomweleza alinyoosha kaptura yake, akasimama. Alikwenda mwenyewe kwa wazazi wa wale wanne, pamoja na Maalim, kuomba radhi kwa niaba ya mwalimu wake "aliyetoka milimani." Watatu walirudi. Mimi nikakusanya nakala za ile kadi ya baba na zile kadi za ngamia za mzee fulani kwa ajili ya jiko la shule, nikazihesabu hizi za mzee, hamsini na tisa, nikasema inatosha. Chai ya siku ile ilichemshwa kwa ngamia.

Lakini karatasi za majibu bado nilikuwa nazo kabatini, na siku mbili baadaye gari la serikali lilisimama mbele ya ofisi. Alishuka afisa mmoja kijana, mtu wa bara kama sisi, mwenye adabu, viatu vimejaa vumbi. Alisema amesikia kuna mwalimu mwenye mbinu mpya, anaandikisha watoto habari za mifugo. Angependa kuona walichoandika.

Nikamtazama Bwana Mutiso. Bwana Mutiso akatazama kaptura yake. Nikatoa faili.

Alifungua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akapindua ya Dekow nyuma na mbele. Jina limepigiwa mstari, tarehe imepigiwa mstari, nambari ya swali imepigiwa mstari, na chini yake jangwa.

"Wamejibu nini hawa?"

"Hawakujibu, Bwana," nikasema.

"Hata mmoja? Kumi ongeza mbili?"

"Imewashinda."

"Darasa la saba?"

"Ndiyo maana tumeletewa sanduku," akasema Bwana Mutiso.

Nikamwonyesha karatasi ya rangi, nyekundu kutoka juu mpaka chini. Sijapata kuwasifu wanafunzi wangu kama nilivyowatukana siku ile. Nilinadi ujinga wao kama dalali wa soko la Griftu anavyomnadi mtamba: tazama huyu, wa mwisho kabisa, tazama na yule. Afisa alifunga faili taratibu na kunirudishia.

"Mungu akusaidie, Mwalimu," akasema, na nadhani alisema kwa moyo.

Gari lilipoondoka, Bwana Mutiso alikaa chini. "Sasa umewaokoa baba zao," akasema. "Utafanya nini na hiyo karatasi mkaguzi akija?"

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nikarudisha matufaha. Sikuomba msamaha kwa hotuba, sikuwa na Kisomali cha kutosha na Kiswahili kilikuwa kikinikwama. Niliweka tu zile kadi za John mezani, na darasa likapumua. Nikafuta na sharti la ukimya. Mmoja anasoma swali kwa sauti na kumuuliza mwenzake, mwenzake anajibu na kueleza, wakikubaliana wananiletea mimi, na mimi nauliza kwa mdomo. Majibu ya nyuma ya kadi niliyaziba kwa gundi na karatasi. Kelele zilifika ofisini. Wakaanza kupanda: manjano, kijani. Hata waliokuwa wakisumbuka tangu mwanzo walipanda, maana sasa walikuwa na wa kumuuliza. Dekow alifika buluu siku ya tisa, akaniambia, "John ana shida nyingi, Mwalimu. Hana ndugu?"

Mkaguzi alifika kwa ndege ndogo, mzee wa Kiingereza mwenye masikio yaliyoungua na jua. Kilichomkera kwanza ni kelele. Akasoma kifuniko, akanisomea na mimi. Peke yake, kimya. Akatazama karatasi ya rangi, na hapo akakunja uso kabisa. Wiki moja darasa zima nyekundu, wiki tatu baadaye kijani na buluu? Akasema ama nimeandika uongo wakati ule ama naandika uongo sasa. Kweli ilikuwa ndefu, na sehemu yake ilikuwa imepanda gari la serikali.

"Nipe aliyekuwa wa mwisho," akasema.

Dekow akasimama. Mkaguzi akatia mkono ndani ya sanduku, kule chini kabisa, akatoa kadi bila kuchagua, akaisoma kwa sauti. Mzee ana ngamia arobaini na saba. Ukame unaua kumi na tisa. Mwaka huo huo wanazaliwa wanane. Amebaki na wangapi?

Niliitambua kabla hajamaliza. Ilikuwa ya sitini. Ningezitazama badala ya kuzihesabu ningejua ni ipi haipo.

Darasa likawa kama lile la siku ya kwanza ya kadi za ngamia. Maalim Bishar, aliyekuwa amekuja kwa kipindi chake, alisimama mlangoni na miwani yake ya kioo kimoja. Dekow alitazama kadi iliyo mkononi mwa mzungu, akamtazama Maalim, kisha mimi. Mimi nilitazama sakafu. Sikuwa na haki ya kumwomba ajibu. Swali lilikuwa langu.

"Hajui," akasema mkaguzi, akafungua kalamu.

"Bwana," akasema Dekow kwa Kiingereza chake cha darasani, "mzee huyu simjui. Naomba niwafanye matufaha."

"Uwafanye nini?"

"Matufaha. John ana matufaha arobaini na saba. Kumi na tisa yameoza. Amechuma mengine manane. Ni thelathini na sita." Adabu na ukweli vilikuwa vikisukumana usoni pake, ukweli ukashinda. "Na matufaha, Bwana, yanaweza. Lakini ngamia hawawezi kuzaa wanane hivyo, mwaka ule ule wa ukame. Mimba ya ngamia inapita mwaka, na ukame huiharibu. Mwalimu wetu ametoka milimani."

Mlangoni Maalim alikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Mkaguzi alimtazama Dekow, akanitazama mimi, akaitazama picha niliyoichora kwenye kadi.

"Huyu ni mbuzi?" akauliza.

"Ni ngamia, Bwana," nikasema.

Akampa Dekow kadi nyingine tatu za buluu, ngumu, za matufaha. Akazijibu zote akiwa amesimama. Mkaguzi akaandika kitu, akaacha darasa lote liandikishwe, na alipokuwa akienda akaniambia niendelee na kelele zangu ila nisiendelee na uchoraji.

Dekow alifanya mtihani na wenzake ishirini. Mmoja wa wale wanne hakurudi kamwe. Aliitwa Ibrahim, alikaa dirishani, na hilo ni deni la ile kadi yangu. Dekow alipata nafasi katika shule ya sekondari ya bara. Asubuhi ya msafara nilimsindikiza, mimi nisiyependa kutoka hata kibarazani kabla ya chai. Kando ya lori la mbele askari alikuwa akipanga vijana, hawa huku, hawa kule. Alipomfikia Dekow alinyoosha mkono. Dekow akatoa barua, akaikunjua mara nne. Askari akaisoma yote, midomo ikitembea.

"Mwanafunzi," akasema. "Panda."

Nilitaka kumuuliza Dekow habari za watu wake, maana nilisikia wameonekana karibu na Balambala. Nikamuuliza kwa namna niliyofundishwa. "Nyumbani wako?" Akasema kutoka juu ya magunia, "Wako, Mwalimu, alhamdulillahi." Sikuuliza wangapi.

Tangu siku ile rejista yangu nimeifungua baada ya kusimama mlangoni na kutazama kwanza. Jaribuni. Mwanzoni ni aibu tupu, lakini inakuja.

Na wewe, Rukia, kuhusu maswali ya kompyuta yako. Kabla hujaweka ngamia, mbuzi, kisima au baba wa mtu, jiulize kwanza ni nani mwingine amewahi kuwauliza watoto hawa swali hilo, na alikuja amevaa nini. Kama hujui, mpelekee mtu kama Maalim Bishar chai, usubiri. Wakati unasubiri, tumia za zamani: sanduku lililiwa na mchwa, lakini kadi zilipona ndani ya debe la biskuti. Ziko kabati la chini, ufunguo ni ule mdogo wenye uzi. John bado ana matufaha yake, na hakuna aliyewahi kumchukulia vibaya kwa kuyahesabu.